Kumwaga vifaranga vya sato Ziwa Kanyaboli: msaada kwa wavuvi au kumaliza ngege?

JirmaniWaYala: Nauliza wazi. Watu wa Siaya tukubali sato, yaani tilapia wa Nile, waongezwe kwenye ziwa letu dogo la Kanyaboli ili mvuo upande? Mimi napinga. Ziwa kubwa la Victoria ngege, tilapia wetu wa asili, karibu ameshakwisha, kwetu bado yupo. Sato ana asili ya kwingine, aliletwa Victoria miaka ya 50, na akikutana na ngege wanazaa chotara. Baada ya muda huna ngege wala nini. Na wale wa kusema "samaki ni samaki" wamezoea tu kula barafu ya China, wale samaki wa kugandishwa wa katoni.

MamaSoko_254: Hiyo ya barafu umemlenga nani? Nauza hao samaki na watoto wamesoma. Sato wa ziwa unajua bei yake leo, au babako ndiye anayekuvulia?

Nyakato_Mza: Sato anasingiziwa. Ngege alimalizwa na sangara, yule mla samaki wenzake, mtoto wa darasa la tatu hapa Mwanza anajua. Mwingereza alimleta sijui 1960 hivi, mambo yakaharibika.

Mzee wa Makila: Sangara waliingizwa 1954 upande wa Uganda, kijana. Ngege alikuwa hoi kabla ya hapo. Nyavu za makila, zile za kutegwa zinazonasa samaki kwa mashavu, zilifika ghuba ya Kisumu 1905, wavu mmoja unatoa ngege 50 na zaidi. Graham, mtafiti wa samaki Mwingereza, alipokuja kufanya utafiti wake 1927 wavu haufikishi hata 10. Sangara gani huyo wa 1927? Ngege mama anaatamia mayai mdomoni, na vifaranga wakiona hatari wanarudi humohumo. Ukimnasa yeye umenasa na kizazi. Chakula chake ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, hana ugomvi na mtu. Waliopona ni wa viziwa vya pembeni, Kanyaboli, Namboyo, na vile vya Kyoga kule Uganda, kwa sababu mafunjo yamezuia njia na sangara hawezi maji yenye hewa haba. Sasa mnataka kumpelekea sato kwa ndoo.

Nyakato_Mza: Mzee, shikamoo, lakini sangara ndiye aliyejenga viwanda huku. Tusimtukane.

MamaSoko_254: Bado sijajibiwa kuhusu China.

Dokta wa Vizimba: Mama, usijali. Sato wa vizimba, anayefugwa ndani ya nyavu ziwani, na yule wa kwenye katoni ni ukoo mmoja, mbegu ya Nile. Anayejidai anakula "wa ziwa" hotelini pengine kala wa kufugwa kwa pelleti, chakula cha kiwandani.

JirmaniWaYala: Ukoo mmoja, ladha mbali. Wa China hata ukimtia ndimu kumi ananuka friji.

MamaSoko_254: Ni kwa sababu unamkaanga mpaka anakuwa mkaa. Mpake chumvi, mwache ajikaushe, ndipo mafuta.

Nyakato_Mza: Sato hakaangwi! Anachemshwa na nyanya, ugali wa muhogo pembeni. Nyie wa Kenya mafuta tu.

Mzee wa Makila: Watu wanajadili kikaango, samaki anakwisha.

MamaSoko_254: Mzee, wavuvi wa Kanyaboli mmewauliza? Ngege wao ni wadogo, unajaza beseni na hupati ada ya muhula. Mnamtunza samaki, mvuvi anatunzwa na nani?

JirmaniWaYala: Muuza China leo mtetezi wa wavuvi. Hao wa katoni ndio walioangusha bei ya samaki wao.

MamaSoko_254: Njoo sokoni uniambie hivyo usoni.