Njaa ya Sydney 1790: ardhi inasingiziwa?

Chelewa: Wanaoijua New South Wales, koloni la wafungwa la Waingereza huko Australia, waje. Aprili 1790, koloni likiwa na miaka miwili na ushei, Gavana Phillip alishusha posho ya wiki: ratili mbili na nusu za unga, mbili za mchele, mbili za nyama ya nguruwe ya chumvi. Bwana na mfungwa sawa. Inasemwa kila siku kwamba kosa ni la ardhi ya Sydney Cove, mchanga mtupu. Mimi naona ardhi inasingiziwa.

Nanga: Kosa ni la bahari, mkuu. Meli ya Guardian iliyokuwa inawaletea chakula iligonga barafu Desemba 1789. Meli yao ya Sirius ikapasuka kwenye mwamba wa kisiwa cha Norfolk tarehe 19 Machi. Ikabaki Supply peke yake, kimeli kidogo, nayo ikatumwa Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, kununua chakula. Ondoa ajali hizo mbili uone kama kuna njaa. Halafu wezi wa London na jembe la mkono, tangu lini jembe la mkono likalisha mji?

Kisado: Na mchele wenyewe ulikuwa unatembea kwa fukusi. Nyama ilikaa kwenye chumvi miaka mitatu na zaidi, ukiichemsha inanywea. Ratili mbili za pipani si ratili mbili za sahanini.

Bi Tifutifu: Nanga, meli nakuachia. Hilo la jembe lifute. Mfungwa James Ruse pale Rose Hill, ndiyo Parramatta ya leo, alilima kwa jembe la mkono na Februari 1791 akaiambia serikali posho yake basi, anajilisha. Alichoma magogo shambani, akachimbia majivu, akalima kina, akavunja madongoa, akafukia nyasi na magugu. Kisha akaacha udongo upigwe jua na hewa kadiri alivyoweza, na karibu na kupanda akaugeuza wote upya. Shamba la serikali waliparura juu juu. Tatizo ni mkono, si jembe.

Nanga: Ruse alipewa ekari 30, dada. Hata mimi ningeshiba.

Bi Tifutifu: Ekari 30 ni hati ya 1791, baada ya kufaulu. Alianza na ekari moja na nusu.

Nanga: Iliyofyekwa na nani? Serikali. Na kibanda, zana, mbegu, nguruwe majike wawili na kuku sita juu. Na alikuwa mtu wa shamba kutoka Cornwall. Umenichagulia mkulima mmoja kati ya mamia ya wafungwa, unaniita mjinga.

Bi Tifutifu: Sijakuita mjinga. Umejiita.

Pweza Mkavu: Jamani, watu wanakufa njaa kando ya bandari yenye samaki na hakuna anayeuliza? Wanawake wa Eora, wenyeji wa pale, walivua hapohapo: ndoana ya kaka la konokono wa baharini, mshipi wa magome yaliyosokotwa, mtumbwi wa gome na moto ukiwaka juu ya udongo katikati.

Kisado: Samaki wa bandari ile hupungua baridi ikiingia, Mei mpaka Agosti. Wenyeji wenyewe walikonda miezi hiyo. Na usisahau ndui ya Aprili 1789, iliwafyeka sana. Unawaona wavuvi wenye mali, mwaka mmoja kabla walikuwa wanazika.

Chelewa: Turudi kwenye ardhi...

Nanga: Narudi kwenye jembe kwanza. Kwa nini hapakuwa na plau? Kwa sababu hapakuwa na wa kuivuta. Ng'ombe wachache waliotoka Rasi ya Tumaini Jema walipotea 1788, mchungaji aliwaacha. Walikuja kuonekana 1795, wamezaana wapita 60! Hakuna ng'ombe, hakuna samadi. Mbegu ya ngano ya mwanzo nayo ilipata joto melini, nyingi haikuota. Hapo jembe litafanya nini?

Bi Tifutifu: Samadi? Ruse naye hakuwa na ng'ombe. Mpango wake ulikuwa kufukia majani ya ngano mashimoni pamoja na chochote kinachooza, na baada ya mavuno kupanda tanipu, mboga ya mizizi, ili udongo ulainike. Na hao wezi wako, chini ya msimamizi Henry Dodd, Desemba 1789 walivuna busheli 200 za ngano Rose Hill. Kwa jembe.

Nanga: Na mji haukula hata punje, yote iliwekwa mbegu. Kwa hiyo nani kasema kweli?

Kisado: Hapo Nanga ana lake. Mji uliokolewa Juni 1790, meli ya Justinian ilipoingia na chakula. Lady Juliana ilitangulia, ila ilileta wanawake zaidi ya 200, yaani midomo. Kisha meli ya wafungwa Neptune na wenzake, na wagonjwa mamia. Mkandarasi alilipwa kwa kichwa kilichopanda London, si kilichoshuka kikiwa hai.

Nanga: Asante. Na huyo Ruse alilima rodi nane tu kwa siku, kipimo cha Kiingereza, kama mita 40. Kobe.

Bi Tifutifu: Nane mpaka tisa, na ni rodi za mraba, mkuu. Moja ni mita za mraba 25 na kidogo. Zidisha kwa nane, kisha shika jembe uchimbe kina hicho kati ya visiki tangu asubuhi, kwa ratili mbili za nyama ile ya Kisado.

Nanga: Visiki hukuvitaja mwanzo.