Shahada ya pili kwa hela ya wageni: ukimaliza, lazima urudi nyumbani?

Mwana Usambara: Wakuu, habari za jioni. Vijana wanaosomea uhifadhi wa misitu ya tropiki wakifika shahada ya pili wote macho kwa ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, wa Jumuiya ya Madola na wa DAAD ya Wajerumani, maana hela ya Bodi ya Mikopo karibu yote inaishia shahada ya kwanza. Chevening ukimaliza mwaka wako Uingereza unatakiwa urudi kwenu ukae miaka 2. Mimi naona ni haki. Msitu ulioenda kuusomea uko Amani, kule Usambara, hauko Scotland.

Kigogo: Urudi ufanye nini? Jamaa yangu karudi na masters ya bioanuwai, saa hizi anauza chaja Morogoro.

Baba Naimu: Tusidanganyane. Mtu anapanda ndege kwenda Ulaya kusomea vyura, halafu tumlilie ajira? Vyura!!

Dada wa Kihansi: Baba Naimu, shikamoo, lakini hapo umenigusa pabaya. Maji ya mto Kihansi yalipopelekwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yakaisha. Kulikuwa na chura pale asiyepatikana kwingine duniani, hafiki hata sentimita 3, anazaa watoto hai. Wamarekani wakachukua 499 wakawafuge kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Vinginevyo leo tungekuwa tunasimuliana tu.

Baba Naimu: Marahaba binti. Umeme tulihitaji, megawati 180 si mchezo. Chura alichangia ngapi?

Mpita Njia: Si walikufa wote? Nakumbuka kuna ugonjwa wa ngozi uliwapiga, kama 2003 hivi.

Dada wa Kihansi: Porini ndiyo, 2009 wakatangazwa wametoweka. 2010 wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar, 2012 wakarudishwa bondeni. Nimekaa kwenye matope usiku, tochi kichwani, mkono mmoja rula mwingine chura, huku miguu imekufa ganzi. Makala ilipotoka, jina langu nililikuta kwenye shukrani, chini ya dereva.

Kigogo: Chini ya dereva 😂😂

Baba Naimu: Dereva alistahili. Barabara ile unaijua.

Niko Leeds: Nisikilizeni mimi niliyeko huku. Sirudi, na sioni aibu. Nimefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, bado nikalipishwa mtihani wa Kiingereza kwa dola kabla hata sijajua kama nimepata. Leo mtu anielekeze pa kuishi?

Mwana Usambara: Ndugu, ulisaini mwenyewe.

Niko Leeds: Nilisaini njaa.

Kigogo: Njaa ya Leeds ina mitambo ya kupasha joto ndani ya nyumba, acha hizo.

Niko Leeds: Wewe ndiye uliyeuliza ajira ziko wapi! Chagua upande, mkuu.

Mama Sokoine: Mnagombana bure. Ada ya mgeni mmoja Uingereza ingesomesha wangapi pale SUA, chuo chetu cha kilimo Morogoro? Na DAAD hao hao wana ufadhili wa kusoma hapa hapa Afrika, ila hamuuombi kwa sababu hauna picha ya theluji. Mimi nasimamia wanafunzi. Ada huwa wanapata. Wanapokwama ni dizeli ya kwenda msituni, na hiyo fomu nyingi haziiulizi kabisa.

Niko Leeds: Theluji imeingiaje, mama? Mimi nilifuata maabara.

Mama Sokoine: Nimesema dizeli, umesikia theluji.

Mwana Usambara: Jamani, mada ilikuwa sharti la miaka 2...

Mpita Njia: Subiri kwanza mkuu. Dada, nilisikia waliweka mabomba ya kuwanyunyizia maji hao vyura. Bado yanafanya kazi? Nani analipia?

Baba Naimu: Hilo ndilo swali. Maana kama ni kwenye luku yangu, nataka kuambiwa.