Bafu la Kidichi: mapenzi au siasa?

Mwana wa Bububu: Jumamosi nilipeleka wageni Kidichi, hapa Unguja. Muongozaji kawaambia Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alijenga lile bafu 1850 kwa kumpenda mkewe wa Kiajemi, Shahrazad. Mapenzi gani? Binti yule mjukuu wa Fath Ali Shah, mfalme wa Uajemi (Iran ya leo), na bandari ya Bandar Abbas Oman waliikodi kwa Waajemi. Mwenye nyumba anakupa binti, unakataa? Bwana huyohuyo 1833 alimposa Malkia Ranavalona wa Madagaska, na ndani ya posa akaomba askari 2,000 wa kupigana na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa! Mapapasi wametulisha hadithi vya kutosha. Mimi naona alikabidhiwa tu. Nyinyi je?

Kombo: Papasi ni nani? Mimi nina kitambulisho, natembeza wageni mwaka wa kumi na moja. Papasi ni yule wa bandarini anayekubebea begi hujamwambia.

Mwana wa Bububu: Sikukutaja, Kombo.

Kombo: Mwenye kilema haambiwi "sikukutaja", anaona unavyomtazama.

Bi Hidaya: Wanangu, turudini kwa mwenye bafu. Ingia mle uangalie ukuta: maua, ndege, nakshi ya chokaa, na mwanga unashuka kutoka kwenye kuba. Waibadhi, madhehebu ya Said, hawapambi hivyo. Mtu alikubali nyumba yake ionekane ya kwao mke. Hiyo si siasa tupu.

Chumvi Nyingi: Bi Hidaya, wa kwangu nikimjengea bafu atauliza ni la nani mwingine.

Mzee wa Malindi: Salme, binti wa Said, anasimulia kuwa Shahrazad alikuja na wapanda farasi 150, akienda nao kuwinda mchana kweupe. Nguo zimeshonewa lulu, lulu zikidondoka wafagiaji wanaziokota, yeye hazitaki tena. Huyo ndiye "aliyekabidhiwa"? Mwisho akaachwa, akarudi kwao.

Kombo: Salme! Aliyetoroka 1866 kwa ajili ya Mjerumani ndiye leo shahidi wa ndoa za watu?

Bi Hidaya: Kombo, chunga ulimi. Na wageni wako si unawapeleka kuona nyumba aliyozaliwa, Mtoni? Kwa pesa?

Kombo: Kuwapeleka napeleka. Kumuamini ni jambo jingine. 1885 kaja na manowari za Bismarck, kansela wa Ujerumani, kaja kudai urithi, kumbe Wajerumani wanamtumia wapate pwani.

Mzee wa Malindi: Basi na yeye alitumika, kama Shahrazad anavyodaiwa. Umejijibu mwenyewe.

Kombo: Sijajibu kitu! Nimesema Salme hakuwa na haki ya…

Chumvi Nyingi: Tumeanza Uajemi, tumefika Hamburg.

Mwana wa Bububu: Swali langu liko palepale. Salme alikwenda mwenyewe kwa miguu yake. Shahrazad nani alimuuliza?

Bi Hidaya: Na wewe mama yako aliulizwa?

Mwana wa Bububu: Bibi, hapo umenifunga mdomo.

Kombo: Kabla hujafungwa mdomo, futa lile neno "papasi".

Mwana wa Bububu: Sifuti.

Kombo: Basi wageni wako wajao usinipigie simu. Kidichi uwapeleke mwenyewe, na ukifika geti limefungwa kaa hapo uwahadithie Bandar Abbas.