Majumba ya kimwinyi ya Uingereza: twende kutalii au tususe?

Mtoa mada

Wakuu, habari za wikendi. Kikundi chetu cha Watanzania na Wakenya hapa Reading kinapanga safari ya basi kiangazi hiki, na ubishi umeanza hata nauli haijachangwa. Kina mama wanataka Highclere, kasri lile la Hampshire lililopigiwa tamthilia ya Downton Abbey kuanzia 2010, ile ya mabwana wanaoishi juu na watumishi wao chini. Vijana wamegoma. Wanasema hawatoi hata peni kwenda kushangaa nyumba za watu walioneemeka kwa jasho la Waafrika.

Mimi nilishafika Highclere, na naikubali nyumba yenyewe: aliyeichora upya karne ya 19 ni Charles Barry, huyo huyo wa jengo la Bunge la London. Unaingia maktaba, vitabu kuanzia chini hadi juu, makochi mekundu yamezungushiwa kamba usije ukakaa. Kilichonishangaza ni wageni. Walikuwa wanaoneshana nani alisimama wapi kwenye tamthilia, na majina yaliyowatoka midomoni yalikuwa ya wahusika. Wenye nyumba halisi, wanaoishi humo hadi leo, hakuna aliyewataja.

Halafu kuna hili, ambalo wengi hamlijui. Jiko lile la kwenye tamthilia, ile meza ndefu ya watumishi, vyumba vyao vya kulala: hakuna hata kimoja utakachokikuta pale. Sehemu zote za watumishi zilijengwa studio, Ealing, London. Kwa hiyo unalipa kiingilio, unatembezwa kwenye vyumba vya mabwana, basi. Na sisi humu, tusidanganyane, wengi tunaishi kwa kufua, kupika na kuogesha wazee wa watu. Katika tamthilia ile tungekuwa chini, na huko chini ndiko kusikokuwepo.

Hoja yangu: nyumba inayouza tiketi kwa jina la tamthilia ina wajibu wa kusema pia hela ya kuijenga ilitoka wapi na nani aliifanyia kazi. Na iseme humo humo sebuleni, si kwenye kikaratasi karibu na choo. Twende au tususe? Nawasilisha.

Mama wa Reading

Mwanangu, hoja yako nimeisoma yote. Sasa nikuulize: mimi nafanya zamu za usiku, mgongo wangu naujua mwenyewe. Jumamosi moja nivae kofia yangu nzuri, nipige picha kwenye bustani, ninywe chai na skonzi, nawe unaniletea utumwa mezani? Hao Wazungu wakija kwetu wanapiga picha na twiga, hakuna anayewauliza maswali ya historia. Tuacheni tupumue jamani.

Kijana aliyegoma

Shikamoo mama. Kupumua ni haki yako, ila tujue tunapumulia wapi. Chukua Harewood, karibu na Leeds. Filamu ya Downton Abbey ya 2019 ilipigwa pale pia. Ujenzi ulianza 1759, fenicha za fundi Chippendale, dari za msanifu Robert Adam, uzuri usiosemeka. Hela yake ni ya familia ya Lascelles, waliotajirika kwa biashara ya watumwa na mashamba ya miwa ya Karibi. Sheria ya kukomesha utumwa ilipopita 1833, familia ile ilifidiwa zaidi ya pauni 26,000 kwa "kupoteza" watu 1,277. Waliofidiwa ni mabwana. Waliofanyishwa kazi hawakupata kitu, na wengi walilazimika kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale bila ujira hadi 1838.

Serikali ilitenga pauni milioni 20 kwa fidia hizo, ikakopa sehemu kubwa, na deni likaisha kulipwa 2015. Mama, wewe ulikuwa unakatwa kodi hapa kabla ya 2015? Basi kiingilio ulishalipa.

Mama wa Reading

2015?! Hii elfu mbili na kumi na tano?

Kijana aliyegoma

Hiyo hiyo mama.

Mdau wa Leeds

Mkuu, ukweli wako ni ukweli, ila usitie majumba yote kwenye kapu moja. Highclere si Harewood. Earl (cheo cha kimwinyi) wa tano wa Carnarvon, bwana wa Highclere, aliokolewa na hela alizokuja nazo mkewe Almina, kutoka kwa tajiri wa benki Alfred de Rothschild. Earl huyo ndiye aliyemgharimia mwanaakiolojia Howard Carter hadi kaburi la Farao Tutankhamun likapatikana 1922, na chini ya nyumba kuna maonesho ya mambo hayo. Ukitaka kuuliza maswali, waulize ya Misri.

Nami nakaa karibu na Harewood. Hawafichi. Mkuu wa familia wa sasa, David Lascelles, anazungumza wazi juu ya asili ya mali yao, na 2023 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Heirs of Slavery, kundi la wazao wa waliofaidika na utumwa. Nyumba inayokiri ndiyo ya kwenda. Tukisusa ile inayosema ukweli, tunaifundisha nini ile iliyonyamaza?

Na kusema ukweli hapa kuna bei. National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba ya kihistoria, walipotoa ripoti yao 2020, wakataja majumba na maeneo 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa, waliwaka moto wanachama wenyewe. Eti wameharibiwa matembezi yao.

Fundi ujenzi

Naongea kama mtu wa kazi. Paa moja la nyumba hizi linakula hela ambayo ukoo wako wote hautaiona. Mamia ya majumba yalibomolewa karne ya 20 kwa sababu wenyewe walishindwa. Castle Howard kule Yorkshire iliungua 1940, kuba likaanguka. Ukumbi wao mmoja ulijengwa upya kwa sababu ya tamthilia iliyopigwa pale na kutoka 1981. Bila kamera mngekuwa mnabishana juu ya kifusi, na kifusi hakina historia ya kumwambia mtu.

Mzenji

Nyie wote mko vizuri. Sasa tugeuze kioo. Pale Shangani kuna nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Watalii wanapiga picha mlango wa kuchonga, wanasonga mbele. Mji Mkongwe umejaa majumba yaliyogeuzwa hoteli, vitanda vya nakshi, maua ya waridi kwenye beseni, na hakuna anayeambiwa karafuu ilichumwa na nani. Soko la watumwa lilifungwa 1873, kanisa likajengwa juu yake, hapo ndipo tunapowapeleka wageni kulia kidogo kabla ya chakula cha mchana. Kwingine kote ni mapenzi na bahari. Waingereza nao watasema tumejifunzia kwao.

Mtoa mada

Mzenji umenichoma, na sina la kujibu. Fundi, sikatai kamera. Ninachokataa ni kamera kugeuka pazia.

Napendekeza hivi. Tuache Highclere. Twende Basildon Park, hapa hapa jirani. Kina mama msinune: vyumba vya nyumba ya London ya familia ile ya Downton vilipigwa humo. Aliyeijenga, Francis Sykes, alirudi na utajiri kutoka Bengal, kule Bara Hindi, alikokuwa ofisa wa Kampuni ya India Mashariki ya Waingereza, na ujenzi ukaanza 1776. Ipo chini ya National Trust, kwa hiyo wa kumuuliza yupo, nao ndio walioandika ripoti. Basi litakuwa la bei nafuu, watoto hawatatapika njiani.

Mama wa Reading

Kofia naruhusiwa?

Kijana aliyegoma

Vaa mama, inakupendeza. Mimi bado naona tunawachangia. Na Bengal nayo ni jasho la watu, hata kama si la babu zangu. Ila nitakuja, na kwenye sebule hiyo nitamuuliza mwongozaji swali langu kwa sauti. Msije mkajifanya hamnijui.