Naombeni ushauri: "hema la walemavu" kwenye tamasha letu Busia, nikubali au nipinge?

Katibu_Mpakani:
Habari zenu ndugu. Niko Busia, upande wa Uganda. Ni katibu wa kamati ya tamasha la chakula na ngoma ambalo vijana wa hapa hulifanya kwenye uwanja wa shule mwezi wa kumi na mbili. Juzi kwenye kikao mtu aliuliza tumejipangaje kwa watu wenye ulemavu. Mwenyekiti akajibu papo hapo: "Tutawawekea hema lao pembeni ya mgeni rasmi, waonekane." Watu wakapiga makofi, tukahamia kwenye suala la soda.

Mimi moyo haukutulia. Wanaoijua Busia wanajua kwamba watu wa baiskeli za mikono, zile za magurudumu matatu, ndio wamekuwa wakivusha mizigo mpakani miaka na miaka. Mtu anayepishana na malori kila siku ukamketishe hemani ili aonekane? Na nani? Ila nikibanwa hoja sina. Uwanja wenyewe una lango jembamba la chuma, mtaro mbele ya lango, majani, vyoo vya shimo vyenye ngazi, na jukwaa la kukodi lenye kimo cha mita moja. Pesa ni kidogo. Mjumbe mmoja anasema mkalimani wa lugha ya alama tumchukue ng'ambo, upande wa Kenya, maana ni karibu na ni rahisi. Nianzie wapi?

Magurudumu3:
Kaka, umeuliza vizuri. Mimi ni mtu wa hiyo baiskeli, siyo Busia lakini siyo mbali. Nikwambie hema hilo linavyokwenda. Mnatuketisha saa tatu asubuhi, mgeni rasmi anafika saa nane. Katikati hapo hakuna anayeweza kwenda kununua chapati kwa sababu kamba za hema zimetuzunguka na nyuma kuna jenereta. Mheshimiwa akifika, anapiga picha na sisi, anatoa sabuni na sukari, anaahidi baiskeli mpya, anaondoka. Ngoma zinapoanza sisi tunatafuta wa kututoa. Nimekaa kwenye mahema hayo, siendi tena.

Mimi nikija kwenye tamasha nataka kukaa na mke wangu na marafiki. Nataka nifike kwenye banda la samaki nichague mwenyewe. Kwa hiyo anza langoni. Baiskeli yangu ni ndefu kuliko kiti cha magurudumu, na haigeuki mahali padogo. Watu wengi wa matamasha hutuambia "acha baiskeli hapa nje, askari atailinda." Nikiiacha, kutoka hapo natambaa. Kwenye vumbi, mbele ya wakwe. Ukiniambia niache baiskeli nje umeniambia nisije.

MzeeTororo:
Vijana, msilitupe hema lote. Mimi nina miaka mingi na goti bovu, jua la mwezi wa kumi na mbili nalijua. Kivuli na viti vya kuegemea vinahitajika. Wengine tunapenda kukaa mbele tusikie vizuri. Kosa liko wapi?

Magurudumu3:
Mzee wangu, shikamoo. Kivuli sikikatai. Ninachokataa ni kibao cha "WALEMAVU" na kulazimishwa. Wekeni vivuli pande mbili tatu za uwanja, na kila mahali paachwe nafasi tupu isiyo na kiti, ili mwenye magurudumu aingie na ndugu zake wakae ubavuni. Atakayetaka mbele aende mbele.

MzeeTororo:
Marahaba mwanangu. Hilo nakubali. Lakini mbele mtanipa kiti.

Mkalimani_Kla:
Kuhusu mkalimani, Katibu, hapo simama kidogo. Lugha ya alama ya Uganda na ya Kenya ni lugha mbili. Kuna alama zinazofanana, na viziwi wa mpakani wengine wanazijua zote mbili kwa sababu ya biashara, ila kiziwi aliyesoma shule za Uganda ukimletea mkalimani wa ng'ambo atashika nusu nusu. Waulizeni viziwi wa hapo wenyewe wanatumia ipi. Inawezekana mkaambiwa mlete mmoja wa kila upande, maana wageni wenu watatoka pande zote mbili.

Mkalimani mmoja hawezi kutwa nzima. Tunafanya kazi wawili wawili, tunapokezana kila dakika ishirini au thelathini, kwa sababu akili ikichoka mikono inaanza kusema ovyo. Tupeni ratiba, majina ya watu, mashairi ya nyimbo na hotuba ya mgeni rasmi siku kadhaa kabla. Najua hotuba ya mgeni rasmi haipatikani kabla. Ombeni hivyo hivyo. Tusimamisheni karibu na anayesema, penye mwanga, tusiwekwe nyuma ya spika wala mbele ya pazia la maua. Tamasha likifika usiku, taa ya jukwaa inazungushwa kwa wacheza ngoma na mkalimani anabaki gizani. Mwenye taa aambiwe mapema. Tena wapo viziwi ambao hawajafundishwa lugha ya alama kabisa, hasa wa vijijini. Kwa hao ratiba ya picha kwenye bango inasaidia kuliko mimi.

Na jambo ambalo kamati nyingi hazilioni: mnatangaza vipi? Kama ni redio na gari la spika tu, kiziwi atajua kulikuwa na tamasha siku ya pili. Pelekeni ujumbe wa simu, bandikeni karatasi sokoni, na muandike humo kwamba mkalimani atakuwepo. Wasipojua, hawaji, halafu kamati inasema "tulilipa mkalimani na hakuna kiziwi aliyetokea."

Mwenyekiti wenu akisema haya ni mapambo, mwambie Katiba ya mwaka 1995 yenyewe inataja kukuza lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 iliyochukua nafasi ya ile ya 2006. Ila nakushauri usianze kikao kwa sheria, watanuna. Itoe mwishoni.

Fundi_Majukwaa:
Jukwaa la mita moja!! Nani anapanda huko? Hesabu ya rampu, yaani njia ya mteremko ya kupandia magurudumu, ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita kumi na mbili za urefu. Jukwaa la mita moja linataka rampu ya mita kumi na mbili, na hapo katikati uweke sehemu bapa ya kupumzikia. Mbao hizo bei yake mtalia. Mwambieni mwenye jukwaa ashushe miguu ifike sentimita 30, mtahitaji mita tatu na nusu na kidogo. Watu wa nyuma hawataona vizuri? Wekeni jukwaa upande wa uwanja ulioinuka.

Nimeona mafundi wanaegemeza ubao mmoja kwenye ngazi wanaita rampu. Huo ni mtelezo wa kumwaga mchanga. Weka kingo pembeni gurudumu lisichomoke, na juu pigilia vibao vyembamba au mwaga mchanga kwenye rangi mbichi isiteleze mvua ikinyesha. Upana usiwe chini ya mita moja na robo kama baiskeli za mikono zitapanda, lakini nenda kapime baiskeli yenyewe kwanza. Mtaro wa langoni nao ufunikwe kwa mbao nzito, siyo plaiwudi.

MamaWawili:
Mimi nina swali fupi, vyoo mmesemaje? Binti yangu anatumia kiti cha magurudumu. Siku ya sherehe hanywi maji tangu asubuhi ili asihitaji choo. Vile vyoo vya plastiki vya kukodi vina ngazi na mlango mwembamba, havimsaidii.

Fundi_Majukwaa:
Mama, hicho kinajengeka. Choo cha muda, maturubai pande zote, sakafu ya mbao sawa na ardhi, mlango wa kufungukia nje wenye upana wa sentimita 90, ndani nafasi ya kugeuza kiti, yaani mita moja na nusu kwa moja na nusu. Kiti cha mbao chenye tundu juu ya shimo, na vyuma viwili vya kushikilia vilivyofungwa kwenye nguzo. Maji na sabuni viwe chini, mtu aliyekaa avifikie. Na awepo mtu wa kukisafisha kila mara, kwa sababu wapo watakaoingia kwa mikono.

MamaWawili:
Na ufunguo asipewe mwenyekiti akaondoka nao. Yamenikuta.

FimboNyeupe:
Wengi mmezungumzia magurudumu. Mimi sioni. Kwangu adui wa tamasha ni kamba za hema na waya za spika. Kamba zifungwe mbali na njia, waya zifunikwe, na njia kuu zibaki pale pale tangu asubuhi mpaka usiku. Nikishaishika njia kichwani, mtu akaja kuweka banda la muhogo katikati, nimepotea.

MC naye afundishwe kusema. Siyo "jamani tazameni hawa!" halafu kimya, uwanja unacheka mimi sijui kwa nini. Aseme nani ameingia, wamevaa nini, wanacheza ngoma gani. Maneno machache tu. Na ratiba nitumieni kwa sauti kwenye WhatsApp, breli si kila asiyeona anaisoma. Anayenisindikiza asilipe kiingilio, nisilipishwe mara mbili kwa kuja mara moja.

Akitaka kunisaidia mtu, aniulize. Asinikamate fimbo anivute.

Afande_Mstaafu:
Nimekaa kwenye ulinzi muda mrefu, niseme la langoni. Tangu mabomu ya Kampala ya Julai 2010 ukaguzi kwenye mikusanyiko ni lazima, na vijana wa kampuni za ulinzi wanaambiwa kagua kila kitu, basi. Wakiona gongo la chuma linapiga kelele kwenye mashine, wanalichukua. Wakimwona mtu kwenye kiti wanamwambia ainuke. Wape maagizo kabla: kiti, gongo na fimbo havitenganishwi na mwenyewe. Anakaguliwa alipo, kwa mkono, na askari wa jinsia yake, baada ya kumweleza. Kiziwi ukimpigia kelele "simama!" hasikii, msije mkamkimbiza mtu bure. Foleni iwe na kivuli, wenye ualbino wasiunguzwe na jua wakisubiri.

Dharura pia. Watu wakikimbia, nani anamwangalia mwenye kiti? Panga majina kabla, na lango la pili liwe wazi, lisiwe na kufuli.

Katibu_Mpakani:
Asanteni sana, sikutegemea. Shida ni kwamba nikipeleka haya yote kikaoni, mwenyekiti atasema pesa hakuna, atachagua hema kwa sababu ni rahisi. Kipi kitangulie?

Magurudumu3:
Usiyapeleke wewe. Kila baraza la wilaya lina madiwani wawili wa watu wenye ulemavu, na mmoja wao lazima awe mwanamke. Watafute. Watafute na viongozi wa watu wa baiskeli hapo mpakani, viziwi, na wasioona. Watembee uwanjani na kamati, kuanzia barabarani boda inaposhusha mpaka chooni na kurudi. Mwenyekiti naye awepo. Na uwalipe nauli na siku yao, usiseme "ni kwa faida yenu." Fundi wa jukwaa unamlipa, sivyo?

Kama pesa inatosha vitu vitatu tu, mimi ningechukua mtaro na lango, choo, na wakalimani. Jukwaa lishuke, hilo halina gharama. Pesa ya hema la pekee ihamie huko.

FimboNyeupe:
Na MC. MC ni bure.

Mkalimani_Kla:
Na boda. Ongea na steji ya karibu mapema, wengi wanakataa kubeba kiti au wanadai nauli ya watu wawili. Mkubaliane bei na muiandike kwenye tangazo.

Katibu_Mpakani:
Jumamosi tunatembea uwanjani. Nimempigia diwani, amekubali, ameuliza kama mwenyekiti atakuja kwa miguu au kwa gari lake. Nimemwambia kwa miguu.

Fundi_Majukwaa:
Beba futi kamba. Nitumie upana wa lango, kina cha mtaro na picha ya ardhi ya hapo chooni kabla hujanunua hata ubao mmoja.