Tupeane uzoefu: mliposherehekea urithi wa Walatino chuoni Marekani

Wanajamvi, habari zenu. Vyuo vingi vya Marekani huadhimisha urithi wa Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kuanzia tarehe 15 Septemba, siku ambayo Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kosta Rika hukumbuka uhuru wao wa mwaka 1821. Mliopitia huko, tuelezeni mliyoyaona. Naanza mimi.

Mwaka wangu wa kwanza, Texas, nilijitolea kusaidia kupika tamales, chakula cha mahindi cha Kimeksiko, usiku wa kuamkia sherehe. Mama wa mwanafunzi mwenzetu kutoka Meksiko alikuwa amechemsha mahindi kwa maji ya chokaa, akayalaza, na nilipoyasugua kwa vidole maganda yakateleza yenyewe. Yakasagwa yangali na majimaji yakawa donge, tukalipaka juu ya maganda ya hindi yaliyolowekwa, tukatia nyama yenye pilipili, tukafunga na kupika kwa mvuke. Mimi niliyelelewa kwa ugali sikuwahi kujiuliza kwao mahindi ni wapi, na kumbe nilikuwa nimesimama na mwenyeji wake. Nilizofunga vibaya alizifungua kimya kimya, akanishika mikono, tukafunga pamoja.

Mchangiaji wa pili: Mimi kilichonigusa ni ubao wa picha maktabani. Palikuwa na picha ya Vicente Guerrero, rais wa Meksiko mwenye asili ya Kiafrika, aliyetoa amri ya kukomesha utumwa tarehe 15 Septemba 1829. Dada aliyeuandaa ubao ule alitoka Costa Chica, pwani ya Pasifiki huko Meksiko, na rangi yake ni kama yangu. Alinieleza kwamba hata nyumbani kwao huulizwa ametoka nchi gani, ingawa sensa ya mwaka 2020 ilihesabu Wameksiko wenye asili ya Kiafrika zaidi ya milioni 2.5. Tulizungumza mpaka maktaba ikafungwa.

Mchangiaji wa tatu: Chuoni kwetu mwaka wa kwanza niliona kofia pana, muziki na hotuba, ilhali wafanyakazi wa usafi, ambao wengi wao walikuwa Walatino, walisubiri nje ili wafagie tukiondoka. Jambo hilo liliniuma sana. Mwaka uliofuata chama cha wanafunzi Walatino kiliwaalika rasmi pamoja na watoto wao, na mzee mmoja kutoka Honduras, ambaye kila asubuhi nilikuwa nikimpita kwenye ngazi kwa salamu tu, alisimama akatusimulia kwa Kihispania namna wanavyoadhimisha uhuru kijijini kwao. Viti tulivikusanya sisi wanafunzi.