Tupeane uzoefu: ni lini wewe au wazazi wako mliona vita ni vya haki?

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, mji ambao Machi 1979 Waganda waliomkimbia Idi Amin walikutana na kuunda UNLF, umoja wao wa kumng'oa, chini ya Yusuf Lule, wanajeshi wetu wakiwa tayari ndani ya Uganda. Mwishoni mwa Oktoba 1978 Amin alivamia Kagera: watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Kumtoa hakukuhitaji kushawishi mtu. Ila kumfuata hadi Kampala ni jambo jingine, na wazee wa hapa nikiwauliza ni lini walilikubali, wengi hawakumbuki. Leteni simulizi za nyumbani kwenu, za vitabuni tunazo.

Mkibosho: Nilikuwa darasa la nne. Betri za redio tulizianika juani mchana kutwa ili jioni baba aisikie Redio Tanzania. Mwalimu Nyerere aliposema uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, ua zima lilinyamaza. Jirani yetu, mzee ambaye siasa za chama hakuzipenda hata kidogo, akasema, "Huyu ametuingilia hadi chumbani." Hakubisha mtu tena. Lakini mkuu, kwetu watoto nyimbo za mchakamchaka zilifanya kazi kuliko hotuba. Hotuba ilikuwa na sababu, mtu mzima angeweza kuipima. Wimbo wa kumtukana Amin unaupimaje saa kumi na mbili asubuhi huku unakimbia? Wadogo zangu waliozaliwa baada ya vita waliimba zile zile, Kagera kwenyewe hawakujui.

Mama Wawili, Arusha: Shikamoo Mkibosho. Mjomba wangu alikwenda na mgambo. Balozi wa nyumba kumi alipopita kukusanya michango, bibi akatoa na mbuzi. Mama anasema tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuhoji vita mbele ya bibi, hata kwenye mbege. Keshatoa mwana, katoa na mbuzi, utamwambia nini? Kampala ilipoanguka Aprili 11 kila mtu alishangilia. Manung'uniko yalikuja baadaye, sabuni na sukari vilipoadimika. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Ikapita, foleni ziko pale pale.

Mkazi wa Sakina: Mimi niliwahi kuhudhuria kesi ya watu wa vyombo vya habari waliochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda, kwenye mahakama ya kimataifa hapa AICC, Arusha. Unakaa nyuma ya kioo, hedifoni masikioni. Zikachezwa kanda za RTLM, redio ya wachochezi hao. Nilitegemea kusikia mtu anafoka. Kumbe ni mtangazaji mchangamfu kabisa, muziki, utani, halafu katikati ya utani Watutsi wanaitwa mende. Wasikilizaji waliambiwa wanajilinda: waasi wa RPF wanakuja, na jirani yako ni mwenzao. Washtakiwa wote watatu walitiwa hatiani Desemba 2003. Tangu hapo, kiongozi yeyote akisema "tumevamiwa", nauliza kwanza nani kaona. Kwa Kagera jibu lilikuwepo, watu waliokimbia makazi yao walieleza wenyewe. Mwaka 2003 kwa Iraq, Colin Powell, waziri wa nje wa Marekani, alionyesha Baraza la Usalama picha na kanda kuthibitisha silaha za maangamizi, silaha zenyewe hazikupatikana. Watu wengi walikufa kwa ushahidi ule.

Mtoto wa Dereva: Mleta mada, jibu la swali lako ninalo kwa baba. Lori alilokuwa akiendesha lilichukuliwa na jeshi, naye akaenda nalo. Aliondoka Moshi akijua anakwenda kuikomboa Kagera. Huko Uganda wanakijiji wakawa wanaingia barabarani na ndizi mbichi, wanawapakilia kwenye lori, wengine wanalia. Hakuna aliyemhubiria. Alirudi akisema tulikwenda kuwaokoa Waganda, na ndivyo alivyosema miaka yote. Julai 1979 baadhi ya wakuu wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, walipotulaumu kule Monrovia kwa kuingilia nchi ya watu, alikasirika kana kwamba katukanwa yeye. Mimi binafsi naona lawama ile ilikuwa na hoja, kwa sababu mkataba wa OAU tuliusaini wenyewe. Nilimwambia mara moja tu. Aliniuliza, "Wewe zile ndizi ungezikataa?"